Mashina Matatu ya Shamba la Mlangoni

Nilitoka kumwaga maji ya kunawia uso, jua bado liko nyuma ya mikorosho, nikaona udongo mbichi kwenye shamba la mlangoni. Mashina matatu ya muhogo yalikuwa yamechimbwa. Aliyechimba alikuwa mtu mwenye adabu. Alifukia mashimo, akakata vijiti vitatu kutoka kwenye mashina yaleyale, akavichomeka palepale vimelala kidogo ili viote tena. Kwetu hiyo ndiyo hodi, na hiyohiyo ndiyo asante.

Nilisimama na kopo mkononi, nisijue niliweke wapi. Muhogo ule ulikuwa mchungu, wa ile aina isiyoliwa mpaka ivundikwe siku kadhaa, kisha ianikwe na kusagwa. Ukiuchemsha tu kama tunavyochemsha sisi wa Pwani na kuunywea chai, unadhuru, na unaweza kuua. Aliyeupanda pale ni mimi. Na katika kijiji kizima, ukinitoa mimi na mke wangu, hakuna aliyejua.

Inabidi nieleze shamba la mlangoni ni nini, kwa sababu vijana wa siku hizi wanalicheka. Ninaishi ndani kidogo ya barabara ya Maneromango, na huku kila mji wa zamani una kipande cha muhogo kando ya njia, karibu na nyumba. Marehemu baba alikilima kile changu, na baba yake kabla yake. Muhogo wa pale ni wa kula. Mwenye njaa anayepita, awe jirani au mgeni, anachimba wa kutosha sufuria moja, anarudishia vijiti, anakwenda zake. Hajazi gunia, wala hauzi. Na mwenye shamba haulizi. Hilo la kutouliza ndilo zito kuliko yote. Ukimuuliza mtu kama amechimba muhogo wako umemwita mwizi, na wewe mwenyewe umejiita bahili, na maneno hayo mawili hayafutiki upesi kijijini.

Sasa niseme jinsi muhogo wa sumu ulivyofika mahali kama pale.

Nilisoma mpaka kidato cha nne, jambo ambalo kwa rika langu lilitosha kunifanya mtu wa kusikilizwa. Baada ya shule nilifanya kazi ya karani wa ghala Kibaha kwa miaka mingi. Ghala lilikuwa kando ya barabara ya Morogoro, na nikiwa nimeketi pale mlangoni niliona nchi nzima ikipita mbele yangu kwenye malori: mahindi ya nyanda za juu, vitunguu na viazi, mchele, maharage, alizeti ya kanda ya kati. Nikajijengea fikra kwamba nchi ni kama shamba moja kubwa lenye vipande, kila kipande na zao lake, na kwamba umaskini wetu sisi wa Pwani unatokana na ukaidi wa kutaka kulima kila kitu kidogokidogo. Nilipostaafu na kurudi nyumbani nilirudi na fikra hiyo. Wakanichagua kuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima. Nikaomba rangi, nikachora ramani ya nchi kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, na katika kila mkoa nikachora zao. Vijana wakanipa jina la utani, Bwana Mikoa. Nami nililipenda.

Wazee wetu walikuwa watu wa korosho na muhogo. Korosho waliziuza, muhogo wakaula. Kisha mikorosho ikazeeka, dawa ya kupuliza ikawa ghali, bei ikapanda na kushuka bila mtu kujua sababu, na watu wakaanza kuikata ili wachome mkaa wa kupeleka Dar. Wakati sisi tunakata, wenzetu wa mikoa ya bara, ambao baba zao hawakuwahi kuuona mkorosho, walikuwa wanaipanda kwa mistari iliyonyooka kama daftari. Zao tulilodhani ni letu kwa urithi lilihamia kwa wengine. Jambo hilo lilinitia hofu, na hofu hiyo ndiyo iliyonipa haraka. Nikawaambia watu kwamba mazao yanahama, na asiyehama nayo anabaki na magugu. Nikawaambia tulime ufuta, kwa kuwa ufuta una soko, na chakula tuwaachie wenye mvua nyingi kuliko sisi. Unga utakuja kwa lori. Niliyaona malori kwa macho yangu, nitashindwaje kuyaamini?

Watu wakang'oa muhogo mashambani, wakapanda ufuta. Misimu miwili ya kwanza ilikuwa mizuri. Nyumba tano au sita ziliezekwa mabati mapya, na kila nilipopita nilisikia shikamoo yenye uzito zaidi.

Kisha akaja mnunuzi kutoka mjini, kijana mwenye simu mbili, akisema kuna viwanda vinataka muhogo mkavu kwa wingi, wa kusaga wanga na chakula cha mifugo. Alisema huu wetu mtamu hauna faida kwake, unazaa kidogo na unashikwa na ugonjwa wa batobato. Akanielekeza Gwata, upande wa Kibaha, ambako wako wakulima na wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa na kuja na mbegu yao.

Nilikwenda. Nililala Visiga kwa binti yangu, na asubuhi nikachukua bodaboda mpaka Gwata. Nilimkuta bwana mmoja mrefu, mtu wa makamo, shamba lake la muhogo limemzidi kimo. Alinikaribisha kwa uji mzito, akanionyesha makopa, vipande vya muhogo alivyovianika juu ya mwamba, vyeupe kama chaki. Akanikatia miti ya mbegu, na hakutaka malipo. Lakini kabla ya kunikabidhi aliuweka mkono wake juu ya fungu lile, akaniangalia.

"Mzee, huu si wa kutafuna," alisema. "Kwetu mtoto akiukaribia shambani anachapwa kabla hajaugusa. Panda mbali na nyumba, na uwaambie watu wote."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, mimi ni mtu niliyesoma. Akacheka kwa heshima, akasema basi vizuri, akanisaidia kulifunga fungu nyuma ya pikipiki. Nakumbuka kicheko kile kuliko ninavyokumbuka sura yake.

Shamba langu kubwa lilikuwa na ufuta. Lile la bondeni nililijaza miti ya Gwata, ikabaki. Nikatazama shamba la mlangoni, lenye udongo mweusi ulionona kwa majivu na taka za jikoni za miaka yote hiyo. Mke wangu alinikuta naung'oa muhogo wa baba.

"Hapo watu wanakula," alisema.

Nikamjibu kwamba siku hizi hakuna anayekula kwa kuchimba, watu wananunua unga dukani, na kwamba hata yeye mwenyewe hajawahi kuona shimo pale tangu mwaka juzi. Ilikuwa kweli. Ufuta ulipolipa, hakuna aliyechimba.

"Basi waambie," alisema mke wangu.

Nikamwambia nitawaambia kwenye mkutano wa kikundi. Mkutano ukafika, tukazungumzia magunia na ushuru, nikasahau. Nimelisema neno hili la kusahau kwa watu wengi, na nimelisema mbele ya Mungu. Leo nitasema lililo kweli zaidi: nilikumbuka katikati ya mkutano ule, nikaona aibu kusimama na kusema kwamba nimeligeuza shamba la mlangoni la baba yangu kuwa la kuuza. Nikajiambia nitasema siku nyingine.

Mwaka uliofuata mambo yaligeuka. Ufuta ulikuwa umelimwa kila mahali, mikoa ya kusini na ya kati, na wanunuzi wakaenda walikoupata kwa wingi na barabara nzuri. Sisi wenye barabara ya matope tukabaki na magunia ndani. Kijana wa simu mbili hakupokea hata moja. Baadaye nilisikia amepata muhogo mkoa mwingine, karibu na lami. Na kule mahindi yetu yalikokuwa yanatoka, mvua ilichelewa, na waliokuwa nayo waliyauza kwa waliotoa zaidi. Malori yaliendelea kupita Kibaha kama zamani, ila unga uliofika kwetu ulikuwa kidogo, na bei yake ilimfanya mke wangu anirudishie pesa zangu mara mbili kwa kuwa hazikutosha, nami nikidhani amekosea kusikia. Duka la kijijini likaanza kuuza sembe kwa kikombe.

Njaa ya namna hiyo haina kelele. Unaona tu moshi wa jikoni umechelewa. Unaona watu wanalala mapema. Na katika hali hiyo, kwenye njia kuu ya kijiji, palisimama muhogo wa mlangoni kwangu, umenawiri, mabua mekundu, majani ya kijani kibichi, mali ya yeyote mwenye njaa.

Ndiyo maana nilipoona yale mashimo matatu, nilisimama pale na kopo mkononi.

Nilimwita mke wangu. Akaangalia, akaketi kwenye kizingiti.

"Nenda ukaseme," alisema. "Sasa hivi, nyumba hadi nyumba."

Nilivaa kanzu, nikatoka. Na njiani hofu ya pili ikanishika, nayo ndiyo iliyoniharibu. Huku kwetu kuna kitu kinaitwa kago, dawa anayoiweka mtu shambani ili mwizi akiiba adhurike. Watu wazima hawaizungumzii kwa sauti. Nikaona itakavyokuwa: mzee aliyewaambia wang'oe chakula, mwenye magunia ya ufuta ndani, ameweka kago kwenye shamba la mlangoni, mahali palipo haramu kuweka, ili awakomeshe wenye njaa. Nikisema una sumu, watasema sumu umeitia wewe. Nikawaza kwamba nikimpata aliyechimba peke yake, nitamnong'oneza, autupe, na yaishe baina yetu wawili. Basi badala ya kwenda kusema, nilikwenda kuuliza.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya jirani yangu, fundi wa kuezeka. Nilipouliza nani amechimba pale kwangu, aliacha kunywa chai. Akanijibu kwamba yeye bado ana mikono ya kufanya kazi. Mke wake akaingia ndani bila kuniaga. Nyumba ya pili walisema hapana kabla sijamaliza kuuliza. Kwenye kijiwe cha bodaboda vijana walikuwa wameshapata habari.

"Shikamoo, Bwana Mikoa," mmoja aliniamkia. "Naskia leo unahesabu mashina. Muhogo nao umekatiwa hati?"

"Mkoa wa Mlangoni," mwingine akadakia, "zao kuu ni uchoyo."

Wakacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, kwa kuwa kucheka kulikuwa rahisi kuliko kusema. Nikapita.

Nyumba ya tano ilikuwa ya shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu. Anaishi na mjukuu wake wa kike, ambaye wakati huo alikuwa hajaanza shule. Ni mwanamke mwenye haya nyingi. Tangu mdogo wangu afariki hajawahi kuja kwangu kuomba hata chumvi, na mimi kwa ujinga wangu nililichukulia hilo kuwa dalili kwamba hana shida. Nilimkuta anafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Sufuria ilikuwa chini, kando ya mafiga, imefunikwa kwa sinia, na moto haujawashwa.

"Shikamoo, shemeji," aliniamkia.

"Marahaba. Mmeamkaje?"

Akasema wameamka salama. Mtoto alichungulia nyuma ya mlango, akanichekea, nikamchekea. Kisha nikasema lililonileta.

"Kuna mtu kachimba pale mlangoni."

Ufagio ukasimama. "Kuna mtu kachimba," alirudia taratibu, kana kwamba hajalielewa.

"Nataka kumjua."

"Ukishamjua?"

"Nina neno naye."

Aliniangalia usoni, jambo ambalo si kawaida yake. "Tangu lini pale pakaulizwa, shemeji?"

Nikamuuliza kama ni yeye. Akasema si yeye. Macho yangu yaliiona ile sufuria. Yaliuona pia udongo mweusi kwenye kucha zake, na udongo mweusi wa namna ile hauko kwake, kwake ni mchanga. Niliona vyote viwili, na moyo ukaniambia. Maneno yaliyohitajika yalikuwa matatu tu: usile, una sumu. Lakini jirani mmoja alikuwa anapita na ndoo ya maji, amepunguza mwendo ili asikie, nikaona nikisema pale, kabla ya adhuhuri kijiji kizima kitakuwa na habari ya kago. Nikamwambia shemeji basi, kama si wewe hapana neno. Nikaondoka. Nilijidanganya kwamba nimeshamuuliza, naye ameshakataa, kwa hiyo hakula.

Saa zilizofuata sijui nilizipitisha vipi. Nilizunguka nyumba nyingine, nikiuliza kwa sauti inayopungua. Kila nilipomwona mtu ameinama nilidhani anatapika. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa kivulini ameshika tumbo, nikamkimbilia, kumbe ana mimba. Mbwa alilala njiani, nikasimama mbali kumtazama kama anapumua. Nilimwona mke wangu kwa mbali akinitafuta, nikabadilisha njia.

Adhana ya adhuhuri ilinikuta karibu na msikiti. Nilitawadha, nikasimama safu ya pili, na sikumbuki rakaa hata moja. Baada ya salamu mzee mwenzangu aliyekuwa kulia kwangu, rafiki yangu tangu utotoni, alinigeukia bila kutabasamu. Akaniuliza polepole kama kweli nimeweka kitu pale mlangoni, kwa maana ndivyo watu wanavyosema.

Kumbe nililolikimbia tangu asubuhi lilikuwa limeshanitangulia. Nilikuwa nimeficha ukweli ili watu wasiseme, na watu walikuwa wanasema vilevile, na aliyechimba bado hakuwa na habari. Miguu ikanisimamisha yenyewe. Niliwaambia waliokuwamo kwamba sikuweka kago, ila nimefanya lililo baya zaidi: nimepanda muhogo mchungu wa bara kwenye shamba la kula, na sikumwambia mtu. Imamu hakunilaumu. Alikwenda kukiwasha kipaza sauti, akanipa.

"Waambie wote," alisema.

Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka juu ya paa na kurudi kutoka upande wa bondeni. Nilisema aliyechimba muhogo kwangu asiule. Nilisema una sumu. Nilisema si mwizi, mkosaji ni mimi. Nikarudia mara tatu.

Tulipotoka nje shemeji alikuwa anakuja kwenye njia, anatembea haraka kwa namna ya mtu anayeogopa kukimbia, mtoto mgongoni kwenye kanga. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimelala upande mmoja.

"Ni mimi, shemeji," alisema. "Ni mimi niliyechimba. Tumekula sasa hivi."

Walikuwa wamekula muda si mrefu kabla ya adhana. Nilipoondoka kwake asubuhi aliificha ile sufuria ndani, akafunga mlango, na akasubiri mpaka njia iwe tupu ndipo akawasha moto. Kama nisingemuuliza kabisa, asingejificha, na mke wangu angeiona sufuria akamwambia. Kama ningemwambia, angemwaga. Mimi nilichagua kuuliza.

Gari lililokuwapo lilikuwa pikapu ya mfanyabiashara wa mananasi. Mwenyewe alifungua mlango wa nyuma na vijana wale wa bodaboda wakayamwaga mananasi yake chini, karibu yote, tukapanda. Barabara ya kutoka kwetu mpaka Kisarawe mjini ina mahali ambapo gari linakwenda kama mtu anayepapasa gizani. Nilimpakata mtoto. Alitapika mara mbili kwenye kanzu yangu, kisha akaacha, na kule kuacha kulinitisha zaidi. Alikuwa anapumua harakaharaka, pumzi fupi kama za kuku aliyefukuzwa. Shemeji aliegemea ukingo wa gari, jasho linamtoka, anasema kichwa kinamzunguka. Nilimuuliza kama hakuusikia uchungu.

"Niliusikia," alisema akiwa amefumba macho. "Nikajiambia ndio muhogo wa kuiba ulivyo."

Nimeambiwa maneno mengi makali maishani mwangu. Hakuna lililofika lilipofika hilo, na yeye hakulisema kwa ukali.

Hospitalini walimpokea mtoto mikononi mwangu wakakimbia naye. Tabibu kijana alitoka na daftari akauliza wamekula nini, saa ngapi, kiasi gani. Akauliza nani amewapa. Nikasema mimi. Akaninyanyulia macho, akaandika, akarudi ndani. Nilikaa kwenye benchi la saruji. Mlango walioingia naye ulikuwa na kitasa kilicholegea, kila aliyetoka kilitetemeka kabla haujafunguka, na kila kilipotetemeka niliinuka. Niliinuka kwa muuguzi aliyebeba beseni. Niliinuka kwa mtu wa kufagia. Niliwaza sanda. Niliwaza nitalifikishaje jambo hili kwa kaburi la mdogo wangu. Niliwaza ile ramani ukutani, mikoa yote na mazao yake kwa rangi nzuri, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba sikuchora mtu hata mmoja ndani yake.

Niliyatafakari hayo pale kwenye benchi, na nimeyatafakari tangu siku ile. Watu wa ziwa wana ule muhogo tangu babu zao, nao hawafi. Wana jua la kuuanika, wana miamba na vyungu, wana mama anayemfundisha binti, na mtoto anachapwa kabla hajagusa. Sisi tuna desturi ya shamba la mlangoni, nayo ilitulisha miaka yote kwa sababu muhogo wetu ulikuwa mtamu. Mimi nililipakia zao lao kwenye pikipiki nikawaachia ujuzi wao, nikalipanda kwenye desturi yetu. Kwenye hesabu ya bei hapakuwa na mahali pa kuandika jambo kama hilo. Yule bwana wa Gwata alijaribu kunipa vyote viwili, mbegu na ujuzi, nami nikachukua kilichofungika kwa kamba.

Jua lilipokuwa linakaribia kuzama mtoto aliomba maji. Shemeji alikaa siku tatu, mtoto siku tano. Walipona. Tabibu alisema wangechelewa kidogo zaidi asingekuwa na la kutuambia.

Niling'oa muhogo ule wote, wa mlangoni na wa bondeni, vijana wa kijiwe wakanisaidia kuyachoma mabua. Ramani niliipaka chokaa mwenyewe, na uenyekiti nikauacha. Kisha nikatafuta mbegu ya ule muhogo mtamu wa baba, nikakuta kijiji kizima hakina hata kijiti, kwa kuwa walikuwa wamenisikiliza. Niliipata mbali, kupita Maneromango, kwa bibi mmoja ambaye hakuwahi kusikia habari za ufuta wangu. Alinipa bure.

Sasa muhogo wa mlangoni umekua tena. Kila asubuhi natoka na kopo langu kuangalia udongo, na kila asubuhi udongo uko vilevile, mgumu, haujaguswa. Njaa ile imepita, ila zimekuja siku nyingine mbaya baada yake, na bado hakuna aliyechimba. Mizizi inazeeka chini mpaka inakuwa kuni. Nimewaambia watu, wamesema sawa mzee, tumekusikia. Wako wachache ambao hata leo wanaamini lilikuwa kago.

Kwa hiyo nachimba mimi mwenyewe. Nampelekea shemeji, mke wangu ameshauchemsha na kuuunga kwa nazi, nami nakaa naye uwanjani. Hatukuwahi kukubaliana kwa maneno, lakini tangu mara ya kwanza ilikuwa hivi: mimi naanza. Nachukua kipande, natafuna mbele yake, nameza.

Mwezi uliopita mjukuu, ambaye sasa ni mwanafunzi wa darasa la pili, aliuliza kwa nini kila siku babu ndiye anayeanza. Shemeji aliniangalia mpaka nikameza. Akanipa maji, nikanywa. Akaendelea kunitazama usoni muda mrefu kuliko unaohitajika kumeza, mkono wake mmoja umeshika sinia na mwingine umeshika bega la mtoto. Ndipo akamkatia kipande kidogo.